Jina Walilompa Mheshimiwa

Mji wetu wa Kalemie una wakubwa wengi ambao majina yao yanafanana. Kuna mfanyabiashara wa maboti na padri mmoja anayesifika kwa mahubiri. Ukiita jina la mmoja sokoni, wa pili anageuka. Kuna daktari na mchezaji wa mpira wa zamani, wote wawili wanajulikana mpaka Kongolo, na nimemsikia mama mmoja akimshukuru daktari kwa bao alilofunga mwenzake. Watu wa huku wanalipenda sana jambo hili. Majina yakifanana wanasema hao ni ndoyi, yaani wasomo, na ndoyi kwetu anahesabiwa ndugu, hata kama mmoja katoka Moba na mwingine Nyunzu na hawajawahi kula sahani moja. Wakubwa wenyewe wanacheka, wanaitana "ndoyi, ndoyi" kwenye harusi, wanapigwa picha.

Mimi sicheki. Na hapa sitataja jina la mtu hata mmoja. Si kwa woga, msinifikirie hivyo. Jina la baba yangu limeshabebwa na watu vya kutosha, sina hamu ya kulitoa tena nje.

Baba yangu alikuwa mkuu wa stesheni ya reli. Alipostaafu, wakamfanya notabo wa mtaa, maana yake mzee anayeitwa watu wanapogombana: mipaka ya kiwanja, mume na mke, kijana aliyempa mimba mtoto wa jirani. Alikuwa mwembamba, mkali, na hakuwa na maneno mengi. Watu walimjua kutoka stesheni mpaka ng'ambo ya mto Lukuga, na mtu akisema "twende kwa mzee," hakuna aliyeuliza mzee gani.

Sasa kulikuwa na mkubwa mwingine, mwanasiasa, depite, yaani mbunge, anayekaa Kinshasa na kuonekana huku wakati wa kuomba kura. Jina lake na la Baba yalikaribiana mno. Ukoo hawakuwa nao. Watu wa Baba ni wa mlimani, upande wa Moba, na huyu jamaa watu wake ni wa Kabalo. Lakini nani anasikiliza? Asubuhi Baba hajanywa hata chai, mtu kasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Papa, tunajua ye ni mutoto yako. Umuambie tu neno moja, kijana yangu apate kazi."

"Mimi sina mutoto Kinshasa," Baba alikuwa anajibu. "Mutoto yangu njo huyu binti hapa, anashona manguo. Unataka akushonee suruali?"

Wengine waliondoka wakinung'unika kwamba mzee ana roho mbaya, anajificha ili asisaidie watu. Mama alikuwa anamtania: "Mungu amekupa mutoto mukubwa bila mimi kubeba mimba, na wewe unakataa!" Baba alikasirika kweli kweli. Alisema jina lake alipewa na bibi yake, na bibi yake hakuwa anajua Kinshasa iko upande gani.

Kisha Baba akafa. Ugonjwa wa tumbo ulimchukua haraka, hata hatukupata muda wa kuzoea kwamba anaumwa.

Hapa lazima nieleze desturi, maana bila hiyo hamtaelewa hasira yangu. Kwa watu wetu wa mlimani, mtu anazikwa lakini jina lake halizikwi. Matanga yakielekea mwisho, jamaa inakaa na kuchagua mmoja wa kulirithi. Huyo anakalishwa mkekani, anavikwa nguo ya marehemu, mjane anampa maji ya kunywa mbele ya watu wote, na tangu saa hiyo yeye ndiye marehemu. Watoto wanamwita baba, hata kama wamempita umri. Halali kitanda kimoja na mjane, hayo yaliachwa zamani, lakini ni mume wake kwa heshima. Anakuja kula chakula cha mkono wake, anauliza paa linavuja wapi. Na siku mjane naye anapokufa, ni yeye anayesimama juu ya kaburi na kusema: "Mke wangu, nimekuachilia, nenda." Wote wanaitika, "Aende!" Kabla ya neno hilo hakuna anayerusha udongo. Wazee wanasema mwanamke aliyefukiwa bila kuachiliwa anabaki kati ya nyumba mbili, huku hayupo na huko hajafika.

Mama yangu aliliamini jambo hilo kwa moyo wote. Alikwenda misa kila asubuhi na rozari yake mkononi, na bado aliliamini.

Mrithi alijulikana. Baba mwenyewe alishasema: mtoto wa dada yake, kijana aliyemlea nyumbani kwetu, fundi wa mota za mitumbwi. Alikuwa mtaratibu, alimpenda Mama, na jioni alikuwa akipita kumletea samaki wabichi, mikebuka, bila kuombwa. Sisi tuliona jambo limekwisha.

Wapi! Baba yangu mdogo, ndugu wa Baba aliyebaki, alikuja kwenye kikao cha jamaa na mawazo yake mengine kabisa. Nilikuwa nimekaa na wanawake karibu na mlango, nikasikia kila neno.

"Ule wa mamota?" akasema. "Muntu wa kunuka petroli, tumupe jina ya mukubwa? Hapana. Mujiulize: nani katika hii inchi ana jina inafanana na ya marehemu? Mheshimiwa. Hao ni ndoyi. Tukimupa jina, inaingia mahali pake, na sisi tunakuwa na muntu wetu kule juu. Watoto watasoma, watapata kazi. Jamaa yote itanyanyuka."

Watu wakaanza kuguna, ile miguno ya kukubali. Nikaona wazee wenye akili zao, waliokula na Baba, wanatikisa vichwa juu na chini. Shangazi mmoja alisema hata jina lenyewe litafurahi. Jina litafurahi! Nikashindwa kuvumilia.

"Huyo Mheshimiwa hamujui Mama hata sura," nikasema. "Baba alimukataa mukiwa munasikia, hapa hapa kwenye huu mulango."

"Wewe nyamaza. Haya ni maneno ya jamaa."

"Na mimi ni nani? Basi munipe mimi hilo jina."

Mama eeh, walivyocheka. Kilio kizima kilicheka. Baba mdogo aliniuliza kama nitavaa na suruali ya Baba. Fundi wetu wa mota alikuwa ameinama tu, anakwaruza weusi wa mafuta kwenye kucha zake. Nikamtazama Mama. Mjane haruhusiwi kusema kitu mpaka maji yanywewe, na alikuwa amekaa chini ukutani, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, anatazama mkeka. Kama angesema neno moja tu! Lakini desturi iliyomfunga mdomo ndiyo aliyoitegemea, na hakusema.

Waliniletea koti kesho yake. Koti la Baba la stesheni, la buluu nzito, lenye vifungo vya shaba, ambalo Mama alikuwa analianika juani kila mwisho wa mvua. Ndilo mrithi angevishwa. Baba mdogo aliliweka juu ya cherehani yangu.

"Mupanulie kidogo ku tumbo," akasema. "Mheshimiwa ni muntu wa afya."

Nilitaka kumrushia mkasi. Lakini nisingelishona mimi, angelipeleka kwa fundi mwingine yeyote mjini akalikate ovyo. Basi nikakaa. Nikafumua mishono ya ubavuni, mishono mizuri ya zamani, na ndani ya kitambaa nikakuta bado harufu ya Baba, sabuni na tumbaku. Nikatafuta kitambaa cha kuongezea, nikapata cha buluu nyingine, haikulingana. Nikalia kwa hasira, nikishona, nikajichoma kidole. Lilipokwisha nikaliinua mbele yangu na kuona kwamba Baba angeweza kuingia humo na mtu mwingine pamoja.

Mheshimiwa alikuja, ndiyo. Hilo siwezi kumnyima. Alikuja na jeep na vijana waliovaa tisheti zenye uso wake, na kipaza sauti, na mtu wa redio. Akaketi mkekani, wakamvika koti, akalifunga vifungo. Mama akapiga magoti na kikombe cha maji. Maji yakamwagika kidogo kwenye suruali ya Mheshimiwa, naye akayapangusa haraka. Kisha akanywa. Akasimama, akatoa hotuba.

"Mimi na huyu muzee ni jina moja, damu moja," akasema. "Yeye hakufa. Yeye njo mimi."

Makofi, vigelegele. Picha zikapigwa. Jua lilikuwa kali, na gari lilipowashwa tu akavua koti akampa mmoja wa walinzi, ambaye alilikunja chini ya kwapa. Hatukuliona tena. Fundi wetu wa mota hakungoja hata chakula cha matanga. Alifunga vifaa vyake, akaja kuniaga mlangoni. "Dada, ukae vizuri na Mama," akasema, akapanda boti ya Kigoma. Huko ameoa, ana karakana yake. Sikumlaumu, lakini nilimlilia.

Nikafikiri Mama atasema sasa, maana mdomo umefunguliwa. Hakulalamika hata kidogo. Jumapili ya kwanza, baada ya misa, akasonga bukari, ugali wetu, akapika mikebuka na sombe ya majani ya muhogo, akapakua sahani ya pekee, akaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka mezani, mahali pa Baba.

"Hiyo ya nani?" nikauliza.

"Ya papa yako. Atakuja kula."

Hakuja. Jumapili iliyofuata pia alipika, na hakuja. Akaendelea hivyo, Jumapili baada ya Jumapili, msimu wa mvua ukapita na mwingine ukaja. Paa letu lilianza kuvuja upande wa jikoni, na Mama aliweka sufuria chini ya tone akasema papa yangu akija ataona mwenyewe. Jioni nilikuwa nakula ile sahani, baridi, kwa hasira, maana kuitupa ni dhambi na kuitazama siwezi. Mama alikuwa na maneno yake tayari: "Papa yako ana kazi mingi." Papa yangu! Ilikuwa inanikata kila mara.

Siku moja nilimwambia wazi. "Mama, yule si Baba. Yule hajui hata kwamba wewe uko."

Hakukasirika. Aliendelea kuchambua mboga yake ya lengalenga.

"Alikunywa maji yangu," akasema. "Ule aliyekunywa maji yangu njo yeye. Mimi nikimukataa, nani ataniachilia? Wewe?"

Nikachukua fungu moja la mboga, nikachambua naye.

Kisha wakati wa kura ukafika. Nyuso za Mheshimiwa zikabandikwa kila ukuta, na chini yake maneno ambayo Baba alikuwa anapenda kuwaambia watu wanaogombana, "Tukae, tuongee," na jina limeandikwa kubwa juu. Watu wa mtaa waliniambia kwa furaha: unaona, papa yako anapiga kampeni! Baba aliyekuwa anafukuza watu mlangoni! Siku ya msafara, Mama alivaa kitenge chake kipya, akatoka barabarani na sahani imefunikwa, ya moto, mikononi. Nilimwambia arudi ndani, akakataa. Pikipiki zikapita zikipiga honi, vumbi likatanda, kisha jeep. Mheshimiwa alikuwa amesimama juu, anapunga mkono huku na huku. Gari halikupunguza mwendo. Vumbi lilipotulia, Mama alikuwa bado amesimama, kifuniko cha sahani kimekuwa chekundu.

"Ameniona," akasema.

Nikamshika bega, tukaingia ndani.

Kifua ndicho kilichomwondoa Mama. Alikonda, akawa anapumua kwa shida, na kitandani hakuomba dawa wala padri kwanza. Aliomba mtu mmoja tu. "Mumuite," alikuwa anasema. "Nisibaki nimefungwa." Nikamwambia tutamwita. Nikamwambia atakuja. Aliniamini, akatulia, na akafa asubuhi nikimshika mkono, akiwa na uhakika.

Basi tukampigia simu. Baba mdogo alipiga tangu asubuhi, akaambiwa yuko kikaoni, akaambiwa anakula, akaambiwa piga baadaye. Mchana mtu mwenyewe akapokea. Baba mdogo aliweka simu kwa sauti ya juu ili kilio chote kisikie heshima hiyo.

"Mheshimiwa, mama amefariki. Mke wa marehemu. Tunakungojea kwa kumuachilia."

"Pole sana," sauti ikasema. "Poleni sana, jamaa. Sasa, huyo ni mama gani? Wa Kongolo ao wa Kabalo?"

Baba mdogo akaisogeza simu mdomoni.

"Wa Kalemie, Mheshimiwa."

"Aa, Kalemie! Ile ya koti. Sawa, sawa."

Ndivyo tulivyojua. Kumbe hatukuwa peke yetu wenye akili. Kongolo kulikuwa na mzee wa heshima mwenye jina linalokaribiana, akafa, na jamaa yake wakafikiri kama sisi tulivyofikiri. Kabalo vilevile. Labda kwingine pia, Mungu anajua. Kila penye mkubwa aliyekufa na jina la kufanana, walimkimbilia na mkeka na maji, na yeye alikaa na kunywa. Mama yangu alikuwa mmoja katika wajane wake, na hakuwa hata wa kwanza kumjia kichwani.

Mheshimiwa alisema hawezi kufika, lakini sisi twende tu makaburini, atapiga simu, atasema lile neno kwa simu. Wazee wakajadiliana kama simu inafaa. Wakaona inafaa.

Tukaenda. Makaburi yetu yako juu, ziwa unaliona lote, na mti wa kivuli hakuna. Sanduku likateremshwa. Wachimbaji wakaegemea majembe yao. Baba mdogo akazunguka na simu ameinua juu ya kichwa anatafuta mtandao, mara huku, mara kule, anakanyaga makaburi ya watu. Tukangoja. Padri alikuwa ameshamaliza sala zake na kuondoka kwenye mazishi mengine. Wanawake waliishiwa nyimbo. Mtu mmoja akapendekeza turudi nyumbani na sanduku mpaka kesho, na mwingine akasema jua hili halitamngoja mtu mpaka kesho. Nikaangalia lile shimo. Mama yupo chini, peke yake, na sisi watu wazima wote tunatazama simu.

Nikasogea mpaka ukingoni. Nikalitaja jina la Baba, lote, la bibi yake na la ubatizo, kwa sauti, ili ajue ni nani. Nikasema: "Ni mimi nasema. Mke wangu, nimekuachilia. Nenda."

Wanaume hawakuitika. Walitazamana, walimtazama baba mdogo. Kisha nyuma yangu mwanamke mmoja, jirani yetu muuza ndagaa, akasema, "Aende!" Na wanawake wote wakasema, "Aende! Aende, mama!" Nikachukua udongo kwa mikono miwili nikautupa. Wachimbaji wakashika majembe.

Shimo lilikuwa limejaa nusu simu ilipoita. Baba mdogo akairukia, akanyoosha shati lake, akaongea akiwa ameinama kidogo, kana kwamba yule mtu anamwona.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ndiyo. Hapana, usijisumbue, neno tumekwisha kusema. Kwa jina yako, ndiyo. Kwa jina yako kabisa. Mama amekwenda vizuri. Aksanti sana, Mheshimiwa, kwa kutuheshimu."

Nikamwendea na mikono yangu yenye udongo. Nikamnyang'anya ile simu, nikaiweka mdomoni, nikapiga kelele mpaka makaburi yote yakasikia: "Nimesema mimi! Kwa jina la baba yangu! Si la kwako!"

Ilikuwa imeshakatika. Baba mdogo aliichukua mkononi mwangu, akaipangusa udongo polepole kwa pindo la shati lake, akaangalia kama kioo hakijapasuka. Kisha akaniambia mbele ya watu wote, kwa upole, jinsi unavyoongea na mfiwa, kwamba atampigia tena Mheshimiwa, na mimi nimwombe msamaha.